Repita ya pili imeleta migongano hewani: tufanye nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye mradi wa maji wa mji mdogo. Tuna vituo 14, visima na matangi, vyote vina modemu za redio za UHF kwenye masafa mamoja, kasi ya hewani biti 9600 kwa sekunde, na tunatumia Modbus RTU, lugha ya mitambo ya kuulizana na kujibizana. Tulipokuwa na repita moja mlimani kila kitu kilienda sawa. Tangu tufunge repita ya pili ili kufikia bonde la ng'ambo, vituo vinne vya huko vinasomeka kwa kubahatisha: mita, yenye rejista (visanduku vya namba) mbili tu, inasomeka, taarifa za pampu, rejista 20, hazifiki karibu kila mara. Sasa hata vituo vya karibu vimeanza kukosa. Umeme ukikatika na kurudi, mtandao mzima unavurugika kwa dakika kadhaa. Tumepandisha nguvu ya kurusha kutoka wati 1 hadi wati 5, hali ikazidi kuharibika. Muda wa kusubiri jibu ni milisekunde 450, na ombi likikosa jibu hurudiwa mara tatu. Tunakosea wapi?"

Marahaba, fundi. Umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, hasa pale uliposema kwamba usomaji mfupi unapita na mrefu unakwama. Hiyo ni dalili ya muda. Ingekuwa ishara dhaifu, mita na pampu za kituo kimoja zingeyumba pamoja, kwa sababu zinapita kwenye antena ileile na mlima uleule.

Kabla ya hesabu, weka hili akilini. Repita zako zinapokea na kurusha kwenye masafa hayohayo, kwa hiyo haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Repita hupokea ujumbe wote hadi mwisho, kisha ndiyo huurusha upya. Kila repita unayoongeza inachukua hewa mara moja zaidi kwa kila ombi, na mara moja zaidi kwa kila jibu. Wakati huo wote vituo vingine vikifungua mdomo vitagongana nayo, hata kama vyenyewe havisikii chochote.

Sasa tuhesabu. Ombi la Modbus la kusoma rejista lina baiti 8. Jibu la rejista 20 lina baiti 45: anwani, namba ya kazi, hesabu ya baiti, baiti 40 za data, na mbili za kukagua makosa. Kwa kasi ya 9600 hewani, ombi linachukua milisekunde 7 hivi na jibu 38. Ila modemu hairushi data peke yake. Kwanza kirushio kinapanda hadi nguvu yake kamili, kisha unapita mlio wa kuoanisha mapokezi, halafu kichwa cha pakiti. Nitachukua milisekunde 40 kwa kila mrusho kama mfano. Namba ya modemu yako iko kwenye kitabu chake, itafute uiweke badala ya hii yangu. Kwa hiyo ombi linakula milisekunde 47 kila linaporushwa, na jibu 78.

Ongeza waya. Kati ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, na modemu, baiti 8 zinahitaji kama milisekunde 8 na baiti 45 zinahitaji 47, kuingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Modemu nayo husubiri ukimya mfupi ili ijue kwamba ujumbe umeisha. Jumla ya mambo ya waya ni karibu milisekunde 120. PLC ya kituo tuipe 30 za kufikiri. Kituo kinachosikiana moja kwa moja na kituo kikuu, yaani kile cha ofisini kinachouliza, kinajibu baada ya milisekunde 275. Kilicho nyuma ya repita moja, 400. Kilicho nyuma ya repita mbili, 525.

Wewe unasubiri 450. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Fuata muda kwa makini. Kituo kikuu kinaanza kutuma ombi kwenda bonde la ng'ambo kwenye sifuri. Jibu linarudi kupitia repita ya pili, kisha repita ya kwanza, na mrusho wake wa mwisho kuja ofisini unaanza kwenye milisekunde 398 na kuisha 476. Ikifika 450, PLC yako inakata tamaa na kutuma ombi lilelile tena. Modemu inalipokea kwenye waya na kulirusha kwenye 462. Kwa muda wa milisekunde 14 repita ya kwanza inakuletea jibu ulilolisubiri, na wewe unarusha. Redio yako haiwezi kupokea huku inarusha, kwa hiyo mkia wa jibu unapotea na jibu zima linatupwa kwa sababu hesabu ya makosa haikubali. Repita nayo, kwa kuwa ilikuwa inarusha, haikusikia mwanzo wa ombi lako la pili. Vyote viwili vimekufa. Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa mita ya rejista mbili: jibu lina baiti 9 tu, na safari nzima inaishia kwenye 360 hivi. Linapita chini ya 450. Ndiyo maana mita inasomeka na pampu haisomeki. Na ndiyo maana ulipokuwa na repita moja hukuona shida: 400 inapita chini ya 450, kwa nafasi finyu.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla hujapanda mlima, pandisha muda wa kusubiri. Programu nyingi za kituo kikuu zinakuruhusu kuweka muda tofauti kwa kila kituo au kundi. Vya moja kwa moja wape 450, vya repita moja 600, vya repita mbili 800. Marudio yapunguze hadi moja. Watu wengi huogopa muda mrefu wa kusubiri wakidhani utachelewesha mzunguko, lakini muda huo hautumiki kituo kinapojibu. Unatumika tu kinapokosa. Tuseme una vituo vinne vya moja kwa moja, sita nyuma ya repita ya kwanza na vinne nyuma ya ya pili. Mzunguko mzima wa kusoma rejista 20 za kila kituo unaisha kwa sekunde 5.6. Kina cha maji kwenye tangi hakibadiliki kwa kiasi cha kujali ndani ya sekunde sita. Kinachoua mzunguko ni kituo kilichozimika: kwa mpangilio wako wa sasa, kituo kimoja kilichokufa kinakula majaribio manne kila raundi. Kituo kikikosa raundi mbili mfululizo, kiondoe kwenye mstari na ukijaribu mara moja kila dakika chache.

Kuna hatari nyingine ya muda mfupi wa kusubiri ambayo naitilia mkazo kwa sababu haionekani kwenye ripoti ya makosa. Jibu la Modbus halitaji limetoka rejista gani. Linataja anwani ya kituo, namba ya kazi, na idadi ya baiti, basi. Ukikiuliza kituo kilekile maswali mawili yenye urefu sawa mfululizo, na jibu la kwanza likachelewa hadi likafika wakati unasubiri la pili, kituo kikuu kitalipokea kama jibu halali la swali la pili. Utaona presha ya bomba mahali pa kina cha tangi, bila alama yoyote ya kosa. Mahali ambapo pampu inawashwa na kuzimwa kwa namba hiyo, jambo hili si la kuvumilia hata siku moja. Uliza maswali yenye majibu ya urefu tofauti, au bora zaidi, panga rejista zote unazohitaji zikae pamoja usome mara moja tu.

Sasa vituo vya karibu. Umesema navyo vimeanza kukosa, wakati 275 iko mbali sana na 450. Hapa nakisia kwamba repita zako zimewekwa kurudia kila kinachosikika, bila kujali kinakwenda wapi. Tazama kinachotokea. Unauliza tangi lililo kilomita mbili kutoka ofisini. Linakusikia moja kwa moja, linajibu, nawe unalisikia moja kwa moja. PLC yako inaona kazi imekwisha na papo hapo inatuma ombi kwa kituo kinachofuata. Lakini mlimani repita ya kwanza imelisikia jibu hilo na inalirusha upya kwa milisekunde 78. Ikimaliza, repita ya pili nayo inalichukua na kulirusha kwa 78 nyingine. Ombi lako jipya linakwenda kugonga mwangwi wa jibu ambalo tayari unalo mkononi. Ulipokuwa na repita moja mwangwi huu ulikuwa mfupi, na kuchelewa kidogo kwa PLC kati ya swali na swali kulitosha kuuacha upite. Repita ya pili imeurefusha maradufu.

Kuna njia mbili za kutibu hili. Iliyo bora ni kuacha repita za kurudia ovyo na kutumia njia zilizotajwa: kila modemu inapewa anwani yake, na kituo kikuu kinawekewa jedwali linalosema ujumbe wa kwenda kituo namba 9 upite repita ya kwanza kisha ya pili, na ujumbe wa kituo namba 3 usipite popote. Repita inapokea kila kitu lakini inarusha tu kilichoelekezwa kwake. Modemu za viwandani zinazouzwa kwa kazi kama yako kwa kawaida zina uwezo huu, wakati mwingine kwa jina la anwani, wakati mwingine kwa jina la uelekezaji. Kazi yake ni kupita kituo kwa kituo na laptop ukiandika anwani, na kuichora ramani vizuri ili atakayekuja baada yako aielewe. Inachosha, lakini ndiyo inayoleta utulivu wa kudumu.

Njia ya pili ni ya muda: weka pengo la lazima kati ya kupokea jibu na kutuma ombi linalofuata. Kwa hesabu yetu mwangwi wa repita mbili unachukua milisekunde 156, kwa hiyo weka 200. Mzunguko utarefuka kwa sekunde tatu hivi, nawe utalala usingizi hadi upate nafasi ya kuweka anwani. Ukiwa huko kwenye setingi za modemu, tafuta kipaumbele cha kutuma au kupokea. Modemu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kurusha mara tu data inapoingia kwenye waya, hata kama ziko katikati ya kupokea. Geuza, ipe mapokezi kipaumbele. Badiliko hili moja linaondoa migongano mingi ambayo redio inajisababishia yenyewe.

Lisikudanganye kwamba ni tiba kamili, hata hivyo. Kusikiliza kabla ya kurusha kunasaidia pale tu anayesikiliza anaweza kumsikia anayerusha. Vituo vyako vya bonde hili na vya bonde lile havisikiani. Mlima uko katikati, na ndiyo sababu mkaweka repita juu yake. Kila kimoja kinasikiliza, kinakuta kimya, kinarusha, na ishara zinagongana juu mlimani kwenye antena ya repita. Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock waliliandika tatizo hili la vituo visivyosikiana mwaka 1975, na hadi leo hakuna setingi ya kusikiliza inayolimaliza. Kinacholimaliza ni kutomruhusu mtu kusema bila kuulizwa, au kumpa kila mmoja zamu yake ya saa.

Hapo tunafika kwenye umeme. Mtandao unaovurugika kila umeme unaporudi, karibu kila mara ni mtandao ambao vituo vimeruhusiwa kutuma taarifa za dharura vyenyewe. Nadhani mtu aliyefunga aliweka hivyo kwa nia njema, ili tangi likikauka ofisi ijue mara moja. Lakini umeme ukirudi PLC zote 14 zinawaka pamoja, zote zinaona pampu imezimika, na zote zinarusha ndani ya sekunde ileile. Zinagongana, hazipati jibu, zinasubiri muda uleule uliowekwa kiwandani, zinarusha tena pamoja. Dakika kadhaa ulizoziona ndizo hizo, mpaka tofauti ndogo za saa za PLC zitakapozitenganisha zenyewe.

Hisabati ya kurusha bila zamu inajulikana tangu mwanzo wa fani hii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kasi ileile unayotumia wewe leo. Kila kituo kilirusha kilipotaka, na kikikosa jibu kilisubiri muda wa kubahatisha kikarudia. Kwa mpango huo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, hewa inabeba ujumbe mzima kwa asilimia 18 tu ya muda. Ukilazimisha kila mmoja aanze kurusha mwanzoni mwa kipande maalumu cha muda, inafika karibu 37. Nao walikuwa na nafuu ambayo wewe huna: kituo kikuu kilirusha kwenye masafa yake, vituo vikarusha kwenye masafa mengine. Kwako kila ujumbe unarushwa mara mbili au tatu juu ya masafa mamoja, kwa hiyo hata hiyo asilimia 18 igawe.

Ushauri wangu ni kuzima kabisa utumaji wa hiari. Mzunguko wa sekunde sita hadi tisa unatosha kwa tahadhari ya tangi la maji. Kama uongozi unasisitiza dharura ifike haraka zaidi, mwambie mwandishi wa programu aweke rejista moja ya hali mwanzoni mwa kila kituo, biti moja kwa kila tatizo. Kituo kikuu kisome hiyo moja kwa vituo vyote kwanza, na kisome zile 20 pale tu biti inapobadilika. Mzunguko utapungua hadi karibu theluthi mbili ya ule wa kusoma rejista 20. Na kama kuna kituo ambacho lazima kiseme chenyewe, kipe ucheleweshaji unaotokana na anwani yake: umeme ukirudi, kituo namba 1 kisubiri sekunde 2, namba 2 kisubiri 4, na kuendelea. Kwenye kuwaka kwa pamoja namna hii napendelea zamu isiyobadilika kuliko kubahatisha, kwa sababu anwani hazifanani kamwe na kubahatisha wakati mwingine kunafanana.

Wati 5 rudisha wati 1. Naelewa mlivyofikiri, lakini tatizo lenu halikuwa la nguvu, na nguvu imelizidisha kwa njia mbili. Ya kwanza, vituo vilivyokuwa vinasikika na repita moja tu sasa vinasikika na zote mbili. Repita mbili zinazorudia kila kitu zikisikia ujumbe uleule kwa wakati uleule, zinaurusha upya pamoja na kugongana zenyewe kwa zenyewe. Ya pili, redio za aina hii hukamata ishara yenye nguvu zaidi na kuitupa dhaifu. Ishara mbili zikigongana na moja ikaizidi nyingine kwa desibeli kadhaa, yenye nguvu inapita salama. Ukikagua kumbukumbu zako utakuta hasara haigawanyiki sawa: kuna kituo kimoja au viwili vya mbali ambavyo hupoteza kila mgongano, na vya karibu ambavyo huonekana vizima kumbe ndivyo vinavyoua wenzao. Kituo cha mbali kipe antena ya Yagi iliyoelekezwa kwenye repita yake, si wati zaidi. Antena hiyo inaongeza ishara kule inakotakiwa na kuipunguza pengine kote, ambacho ndicho hasa unachotaka.

Jambo dogo la kukagua kabla hujaondoka ofisini: kama kompyuta ya kituo kikuu inaunganishwa na modemu kwa kebo ya USB ya kugeuza, hakikisha haikatishi ujumbe katikati. Kebo hizo wakati mwingine husitisha data kwa milisekunde chache. Modemu inadhani ujumbe umeisha na kurusha nusu ya kwanza, kisha nusu ya pili kama pakiti mpya, ambayo inakwenda kugonga repita inayorudia ile ya kwanza. Ongeza kidogo muda wa ukimya unaotambulisha mwisho wa ujumbe, na uongeze nyongeza hiyohiyo kwenye hesabu yako ya kusubiri.

Ili ujue kwa hakika, usitegemee kukisia, kwangu wala kwako. Nunua kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye USB, kile kinachoonyesha masafa kwa picha inayoteremka kwenye skrini. Kaa nacho mahali pa juu panaposikika repita zote mbili. Zima usomaji wote, uliza kituo kimoja cha ng'ambo kwa mkono, na hesabu mistari: inapaswa kuwa sita, mitatu mifupi ya ombi na mitatu mirefu ya jibu, na kimya baada yake. Ukiona saba au nane, kuna repita inayorudia kisichoihusu. Kisha ongeza kituo kimoja kimoja. Mahali mistari inapoanza kupandana ndipo penye kituo cha kushughulikia, na mwangaza wa mstari, yaani nguvu ya ishara, unakusaidia kutambua ni mrusho wa nani. Kwa kipimo hichohicho utapata namba halisi ya ile 40 niliyoikisia.

Yote haya yakishafanyika, na mradi ukakua hadi vituo 30 au 40, ndipo ufikirie repita ya masafa mawili, inayopokea kwenye moja na kurusha kwenye jingine papo hapo bila kusubiri ujumbe uishe. Hiyo inaondoa ucheleweshaji wa kupokea kwanza, na kwa kuwa kila kituo kinamsikia mlimani anayerusha, kusikiliza kabla ya kurusha kunaanza kuwa na maana. Gharama yake ni kichujio cha kutenganisha masafa hayo mawili kwenye antena moja, umeme mwingi zaidi wa sola mlimani, na leseni ya masafa ya pili. Kama uko Tanzania hilo la leseni ni la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na maombi yaanze mapema kabla hujaagiza vifaa, kwa sababu nafasi kati ya masafa mtakayopewa ndiyo itakayoamua kichujio gani kinunuliwe.